Shamba darasa la mpunga nchini Indonesia: ujuzi ulioshikwa na ujuzi ulioishia njiani

Mwaka 1984 Indonesia ilitangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele. Miaka michache nyuma ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kununua mchele wa nje, kwa hiyo haikuwa habari ndogo. Mwaka 1985 Rais Suharto alikwenda Roma kuieleza mbele ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Mwaka uliofuata majaruba ya kisiwa cha Java yakaanza kuungua pasipo moto. Mpunga uligeuka manjano, kisha kahawia, ukalala kwa viraka vya mviringo vilivyopanuka siku hadi siku. Aliyeinama na kupekua mashina alikuta wadudu wadogo wamejibanza kwa wingi juu kidogo ya maji.

Mdudu huyo Waindonesia humwita wereng. Kisa tunachokichambua ni jinsi nchi hiyo ilivyomkabili kwa mafunzo: nini kilifundishwa, nani alifundisha, kwa muda gani, na kwa nini kazi iliyoanza kwa nguvu na wakulima 5,000 ilipungua makali ilipofikishwa kwa zaidi ya milioni moja. Njia iliyozaliwa huko ndiyo ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la shamba darasa. Leo jina hilo linabandikwa hata kwenye semina ya siku mbili yenye ziara fupi ya shambani, na kwa sababu hiyo inafaa kurudi ilikoanzia.

Mdudu aliyelishwa na dawa

Bila kumwelewa wereng huwezi kuelewa kwa nini mafunzo yalichukua sura ile yaliyoichukua. Ana urefu wa milimita tatu hadi nne. Hukaa kwenye tako la mpunga na kunyonya utomvu wa shina. Jike hutaga mamia ya mayai, na mayai hayo huyachomeka ndani ya ganda la jani linalokumbatia shina, mahali ambapo dawa ya kupulizia haifiki.

Sasa fuatilia bomba la dawa linapopita. Ukungu wa dawa hutua kwenye majani ya juu. Unaua buibui wanaotembea kwenye mimea, unaua kunguni mdogo wa kijani ambaye chakula chake kikuu ni mayai ya wereng, unaua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai hayo. Baadhi ya wereng waliokomaa hufa, na mkulima akiona mizoga juu ya maji huamini kwamba fedha yake imefanya kazi. Baada ya wiki moja hivi mayai yanaanguliwa katika jaruba lisilo na adui hata mmoja. Mkulima anapulizia tena, na safari hii wanaobaki ni wengi zaidi.

Majaribio yaliyofanywa Ufilipino katika miaka ya 1970, yakiwemo ya mtaalamu wa wadudu Peter Kenmore, yalionyesha hivyohivyo: mashamba yaliyopuliziwa yaliishia kuwa na wereng wengi kuliko yaliyoachwa. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kumfanya mkulima wa Java alione jambo hilo kwa macho yake, wakati serikali yake mwenyewe ilikuwa ikimpa ruzuku iliyobeba zaidi ya asilimia 80 ya bei ya dawa.

Hapo ndipo ilipochukuliwa hatua ambayo wapangaji wengi wa mafunzo huiruka. Tarehe 5 Novemba 1986 Rais alitoa Agizo namba 3 la mwaka huo, lililopiga marufuku matumizi ya viuatilifu vya majina 57 kwenye mpunga na kuutangaza udhibiti husishi wa visumbufu, yaani kupambana na wadudu kwa mbinu mbalimbali na kupulizia dawa pale tu inapobidi, kuwa sera ya taifa. Ruzuku nayo ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikaondolewa kabisa mwanzoni mwa 1989. Shamba darasa la kwanza lilifunguliwa mwaka huohuo. Mkulima aliyeingia darasani alikuta dawa imekuwa ghali na zile mbaya zaidi zimeondolewa kwenye mpunga. Mazingira yalikuwa tayari yanamsukuma upande uleule ambao mafunzo yalimwelekeza. Ukimfundisha mtu jambo moja huku bei, sheria na bosi wake vinamlipa kufanya jingine, usimlaumu akirudi kwenye linalomlipa.

Kwa nini ujumbe haukutosha

Indonesia, kama nchi nyingi za Asia wakati huo, ilikuwa na huduma ya ugani iliyojengwa juu ya mfumo wa Mafunzo na Ziara, uliosambazwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mtaalamu humfundisha afisa ugani, afisa ugani huwatembelea wakulima wachache walioteuliwa kwa ratiba maalumu, na wakulima hao huupeleka ujumbe kwa wenzao. Mfumo huo ulifaa kwa mambo yanayoweza kufungwa katika sentensi moja: panda mbegu hii, weka mbolea kiasi hiki siku ya 21.

Udhibiti wa wereng hauingii katika sentensi moja. Wadudu kumi kwenye shina moja ni hatari au si hatari? Inategemea kuna buibui wangapi, mpunga una umri gani, wereng walioko ni tunutu au wakubwa, wana mabawa marefu ya kuhamia au mafupi ya kukaa na kuzaa, na wiki iliyopita hali ilikuwaje. Mkulima aliyepewa kiwango cha namba tu, kwamba akifikia hapa apulizie, anakuwa na amri mpya mahali pa amri ya zamani. Wabunifu wa programu waliamua kwamba kinachotakiwa kujengwa ni uwezo wa kutazama, kupima na kuamua, na uwezo huo hauhamishwi kwa maneno. Uamuzi huo mmoja ndio uliozaa kila kitu kilichofuata: urefu wa mafunzo, idadi ya watu, mahali pa kukaa, hata aina ya mtihani.

Mwalimu aliyepitia tope kwanza

Programu ya taifa ilianza 1989 chini ya wakala wa mipango wa serikali, Bappenas, kwa fedha za Marekani na utaalamu wa FAO. Walioteuliwa kuwa wawezeshaji walikuwa maafisa wa ulinzi wa mimea ngazi ya chini, watu ambao kazi yao ilikuwa kuhesabu wadudu na kupeleka takwimu wilayani. Wengi hawakuwa wamewahi kulima mpunga wao wenyewe tangu mbegu hadi gunia.

Mafunzo yao yalichukua zaidi ya mwaka mmoja. Katika msimu wa kwanza walilima, kwa maana halisi: waliandaa kitalu, walipandikiza, walipalilia, waliweka mbolea, walivuna na kupima, huku wakifanya kila wiki mazoezi yaleyale ambayo baadaye wangewafanyisha wakulima. Baada ya hapo waliendesha mashamba darasa vijijini wakiwa bado wanafunzi. Yaani darasa la mkulima lilikuwa sehemu ya mafunzo ya mwalimu, na makosa ya wiki yalirudishwa chuoni yakajadiliwa.

Linganisha na mafunzo ya wakufunzi ya siku tano hotelini, ambako mshiriki huondoka na jalada la slaidi. Mtu wa namna hiyo akiulizwa swali lisilomo kwenye slaidi ana njia mbili tu, kubuni jibu au kukwepa. Aliyelima msimu mzima ana njia ya tatu: twende tukaangalie.

Katika msimu wa kwanza wa majaribio maafisa 50 waliendesha madarasa 200, ambayo ni manne kwa kila mmoja, yenye wakulima 25 kila moja. Jumla ni wakulima 5,000. Mwaka uliofuata wakaongezeka wakulima 45,000 katika mikoa sita, wakihudumiwa na maafisa wapatao 450. Ukigawanya utaona uwiano haukuguswa: wakulima 100 kwa mwezeshaji kwa msimu. Iweke akilini hesabu hiyo.

Asubuhi moja jarubani

Darasa lilikutana mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa wiki zipatazo 12, kuanzia mpunga unapopandikizwa hadi karibu na mavuno. Ratiba ilifuata mmea. Mmea ukiwa na wiki tatu, somo ni la wiki tatu. Hakuna anayefundishwa habari za masuke kabla masuke hayajatoka. Hii inaonekana jambo dogo, lakini ndiyo iliyofanya kila somo lipate matumizi kesho yake kwenye shamba la mkulima mwenyewe.

Wakulima 25 hugawanywa katika vikundi vya watu watano. Kila kikundi huingia jarubani asubuhi mapema, kabla jua halijakali na wadudu kujificha, kikatembea kwa mshazari na kuchagua mashina kumi bila kupendelea. Kwa kila shina huhesabu vichipukizi, hupima urefu, hutazama majani yaliyoliwa, kisha hulifunua kuanzia chini kwenda juu kuhesabu wereng, buibui na wengineo. Mmoja anahesabu, mwingine anaandika, mwingine anatia kwenye mfuko wa plastiki mdudu asiyejulikana. Kina cha maji kinaandikwa, magugu, hali ya hewa ya wiki.

Wakirudi kivulini, kila kikundi hukaa sakafuni kuzunguka karatasi kubwa na kalamu za nta. Katikati wanachora mmea wa mpunga wenye idadi ya vichipukizi waliyoipata kweli, majani ya kijani au ya manjano kama yalivyo. Upande mmoja wanachora wadudu waharibifu na idadi yao, upande wa pili maadui wao na idadi yao. Chini wanaandika walichoona na wanachopendekeza kifanyike wiki hii.

Mchoro una kazi. Mkulima asiyeandika vizuri anaweza kuchora buibui. Aliyemwona buibui kwa kupita hawezi kumchora. Inabidi amtoe mfukoni amhesabu miguu, aone kifuko cha mayai anachokibeba nyuma. Na idadi mbili zikikaa uso kwa uso kwenye karatasi moja, hoja ya kupulizia au kutopulizia inaonekana kabla mtu hajafungua mdomo.

Kisha mmoja wa kikundi anasimama kutetea pendekezo, na wenzake 20 wanamhoji. Mmewaona buibui wanne kwa mashina kumi, je wiki jana walikuwa wangapi? Mbona vikundi vingine vimepata wereng nusu ya wenu? Mmepita ukingoni tu? Mashina 50 ya vikundi vitano yanatoa picha ambayo mtu mmoja hawezi kuipata, na mabishano yale ndiyo somo lenyewe.

Mwezeshaji hufanya nini wakati wote huo? Mkulima akimletea mdudu na kumuuliza huyu ni nani, mwezeshaji aliyefundwa vizuri haanzi na jina. Anauliza: umemtoa wapi, juu ya jani au chini ya shina? Alikuwa anafanya nini? Walikuwa wengi? Unadhani anakula nini, na tutajuaje? Jina linakuja mwishoni, au linabuniwa na wakulima wenyewe kwa lugha yao. Sababu ni hii: ukitaja jina, udadisi unafungwa palepale, kwa kuwa muulizaji hudhani kwamba ameshajua. Na swali hilo la "tutajuaje" huzaa jaribio. Mche wa mpunga hupandwa kwenye chungu, unazungushiwa chandarua, wanatiwa wereng kumi na buibui mmoja, na chungu cha pili kinatiwa wereng kumi peke yao. Siku inayofuata mnahesabu. Mtu aliyehesabu mwenyewe ni wangapi wamebaki hahitaji kushawishiwa.

Jaribio lililovunja mazoea kuliko yote pengine lilikuwa la mkasi. Wakulima wengi walikuwa wakipulizia mapema, mpunga ukiwa na wiki chache tu, kwa sababu waliona majani yametobolewa au yamekunjwa na viwavi. Darasani walikata wenyewe sehemu ya majani kwenye vipande vidogo vya jaruba, mahali robo, mahali nusu, wakaacha kipande kingine bila kuguswa, kisha wakavuna kila kimoja peke yake na kupima. Mpunga mchanga una nguvu ya kuchipua upya, na majani yaliyopotea mapema mara nyingi hayaonekani kwenye mzani. Mkulima anayeona hivyo anaelewa kwamba dawa ya mapema haikuwa inaokoa mavuno. Ilikuwa inaua buibui mwezi mmoja kabla hajahitajika. Watafiti waliofanya kazi Java walieleza mwaka 1996 kwa nini muda huo wa mwanzo ni wa thamani: kabla visumbufu havijaingia, wadudu wanaokula wadudu wenzao hujilisha kwa vijidudu vinavyoishi kwenye mabaki yaliyooza ndani ya maji ya jaruba, wakaongezeka mapema wakiwa tayari. Pulizia wiki ya tatu, na jeshi hilo umelifuta.

Somo la sumu nalo lilifanywa kwa vitendo. Bomba la mgongoni hutiwa maji yenye rangi, anayepulizia huvaa nguo nyeupe, anatembea mistari michache kama kawaida yake. Anapotoka kila mtu anaona rangi ilipotua: mapajani, mikononi, mgongoni ambako bomba limevuja.

Kulikuwa pia na michezo ya vikundi, ambayo wasimamizi wa fedha huwa wa kwanza kuifuta wakitaka kuokoa muda. Ni kosa. Kikundi kisichoaminiana hakibishani juu ya mchoro. Kinamsubiri mwenye shamba kubwa aseme, kikaitikia.

Mtihani wa masanduku

Kabla ya wiki ya kwanza na baada ya ya mwisho kila mshiriki alifanya mtihani shambani. Vijiti vilichomekwa kwenye njia, na kila kijiti kina swali moja na kitu halisi: mdudu hai kwenye mfuko, jani lenye ugonjwa, shina lililonyonywa. Chini kuna masanduku matatu madogo ya majibu. Mkulima anatembea na vipande vya karatasi vyenye namba yake, anatazama, anatumbukiza. Swali halikuwa mdudu huyu anaitwaje, bali anafanya nini, na ukimwona ufanye nini.

Mtihani huo ulikuwa na faida ambayo dodoso la mwisho wa semina halina. Dodoso huuliza kama mshiriki ameridhika na ukumbi, chakula na mkufunzi. Masanduku yalionyesha ni swali lipi wengi walikosea, na wiki iliyofuata mwezeshaji alijua arudi wapi. Hata hivyo nayo yana mipaka: yanapima kama mtu anatambua, hayapimi kama ataamua sawasawa miaka miwili baadaye akiwa peke yake na muuzaji wa dawa mlangoni.

Kutoka maelfu hadi milioni

Mwaka 1993 programu iliingia awamu ya mkopo wa Benki ya Dunia, uliodumu hadi 1999. Kufikia mwisho wake zaidi ya wakulima milioni moja walikuwa wamepitia shamba darasa. Namba hiyo haikuwezekana kwa maafisa peke yao, kwa hiyo wahitimu bora walipewa mafunzo mafupi na kuwa wakulima wawezeshaji. Wengi wao walifanya kazi nzuri sana. Walijua lugha ya kijiji, walikuwa na shamba la kuonyesha, na hawakuwa na haja ya gari.

Ila tazama kilichobadilika. Maafisa wa mwanzo walikaa mafunzoni zaidi ya mwaka. Mkulima mwezeshaji alikaa msimu mmoja kama mwanafunzi na siku chache kama mwalimu mtarajiwa. Pale aliposindikizwa na afisa mzoefu na kukutana na wawezeshaji wenzake mara kwa mara, darasa lilibaki darasa. Pale alipoachwa peke yake, dalili za kuchujuka hufuatana kwa mpangilio unaotabirika. Kwanza jaribio la chungu linaachwa kwa kuwa linahitaji maandalizi ya siku moja kabla. Kisha mashina kumi yanakuwa matano. Kisha vikundi vitano vinachora mchoro mmoja wa pamoja, unaochorwa na yuleyule mwenye mwandiko mzuri. Mwisho mwezeshaji anatoa majibu mwenyewe, na wiki 12 zimekuwa hotuba 12. Karatasi ya mahudhurio bado inaonyesha watu 25.

Shinikizo la namba husaidia sana kufika hapo. Mradi unaoripoti idadi ya madarasa utapata madarasa. Fedha zikitoka wiki ya tano ya msimu, darasa litaanzia wiki ya tano, na wiki zilizopita ni zilezile ambazo jaribio la mkasi lilipaswa kufanywa. Hakuna namna ya kuzifidia. Mpunga haurudi nyuma.

Uteuzi wa washiriki nao ulikuwa na kasoro. Viongozi wa vijiji walipoombwa majina 25, mara nyingi walitoa ya wanaosoma vizuri, wenye ardhi na wanaoonekana. Wanawake, ambao Java ndio hasa hupandikiza na kuvuna mpunga, walikuwa wachache darasani.

Tathmini zilizogombana

Tathmini za karibu na darasa, zilizofanywa mapema, zilikuta wahitimu wamepunguza sana kupulizia bila mavuno kushuka. Kisha mwaka 2004 wachumi Gershon Feder, Rinku Murgai na Jaime Quizon walichapisha uchambuzi wa kaya zilizohojiwa 1991 na tena 1999. Hawakuona tofauti ya kueleweka katika mavuno wala matumizi ya dawa kati ya waliopitia darasa na wasiopitia. Wahitimu walikuwa na ujuzi zaidi kidogo, lakini majirani zao hawakuwa wameupata.

Ugomvi ulikuwa mkubwa, na pande zote zilikuwa na hoja. Kipindi chenyewe kilikuwa na misukosuko ya hali ya hewa na ya uchumi, ubora wa madarasa ulitofautiana, na marufuku ya 1986 ilikuwa imewagusa wote, waliosoma na wasiosoma, hivyo pengo lilikuwa limepungua kabla darasa halijaanza. Mapitio makubwa ya tafiti za nchi nyingi yaliyotolewa mwaka 2014 yakaweka jambo hilo wazi zaidi: kwa wastani washiriki walipata mavuno zaidi kwa takriban asilimia 13 na kipato zaidi kwa takriban asilimia 19, lakini hasa katika miradi midogo na ya majaribio. Katika programu kubwa za taifa matokeo hayo hayakuthibitika, na majirani wa wahitimu hawakunufaika.

Kwa maoni yetu hilo la majirani ndilo lenye uzito kuliko yote, na halipaswi kumshangaza mtu. Mbegu mpya huvuka mpaka wa shamba kwa kiganja. Habari huvuka kwa simulizi. Uwezo wa kupima idadi mbili na kuzuia mkono usichukue bomba haukusimuliwa darasani, ulifanyiwa mazoezi mara 12. Jirani aliyesimuliwa kwenye kahawa amepata hitimisho bila mazoezi. Atalishika hadi siku atakapoona wereng wengi kuliko alivyozoea, kisha atapulizia. Programu iliyokataa mfumo wa ujumbe darasani iliutegemea tena nje ya darasa, pale iliposadiki kwamba kila mhitimu atawafikia wengine kwa mdomo.

Kwa anayepanga mafunzo ya kikundi chochote, iwe kamati ya maji, chama cha akiba au ofisi ya halmashauri, swali la kwanza hapa ni hili: tunachofundisha ni taarifa au ni uamuzi? Kama ni taarifa, tangazo la redio litafika mbali zaidi kwa fedha kidogo. Kama ni uamuzi, kila atakayeutumia lazima apewe mazoezi yake mwenyewe, kwenye kazi yake halisi, kwa kipindi kinachofunika mzunguko mzima wa kazi hiyo. Kwa mweka hazina wa kikundi mzunguko ni kuanzia mchango wa kwanza hadi kufunga hesabu na kugawana. Semina ya mwezi wa pili haimfundishi mgogoro wa mwezi wa kumi na moja. Bajeti ipangwe kwa hesabu hiyo, watu wachache kwa mwezeshaji mmoja, na fedha ya kumrudia mwezeshaji msimu wa pili iwekwe kando kabla idadi ya washiriki haijatajwa. Bajeti ikigoma, punguza washiriki. Ukipunguza vipindi utabaki na orodha ya majina tu.

Na kikundi kinachobaki baada ya mradi kina thamani yake. Mwaka 1999, mkopo ulipokuwa unakwisha, wahitimu wa Indonesia waliunda chama chao cha kitaifa cha wakulima wa udhibiti husishi, IPPHTI. Katika maeneo kilikoshika mizizi wakulima waliendelea kufanya majaribio yao, kufundishana kwa mashamba na kudai haki zao za maji na ardhi. Hapo darasa lilikuwa limepata mwenyewe.

Kwingineko ulinzi ulilegea. Baada ya mradi kufungwa, soko la viuatilifu lilipanuka na idadi ya majina yaliyosajiliwa iliongezeka sana. Dawa zikarudi kuwa rahisi kupatikana, na wauzaji walifika kijijini mara nyingi kuliko afisa ugani. Mwaka 2010 na 2011 majaruba ya Java, pamoja na wilaya zilizokuwa kitovu cha janga la miaka ya 1980 kama Klaten, yaliungua tena kwa viraka vya kahawia. Kijana aliyekuwa na miaka kumi wakati baba yake anachora buibui kwa kalamu ya nta sasa alikuwa mkulima mwenye bomba mgongoni, na hakuna aliyekuwa amemkalisha sakafuni na mashina yake kumi.